Naamka saa tisa usiku, mawazo yamejaa kichwani: nifanyeje?

Shikamooni waandaaji wa safu hii.

Mimi ni mama wa miaka 36, mhasibu katika ofisi ya serikali. Naishi Nkuhungu na wanangu wawili, mmoja yuko darasa la nne, mwingine chekechea. Mume wangu kazi yake iko Dar es Salaam, anakuja mwisho wa mwezi. Tangu Bunge la bajeti lianze Aprili kazi imekuwa ya kukimbizana, na sasa tunafunga mwaka wa fedha, tarehe 30 Juni haisogei. Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, nabadilisha daladala mjini hadi Mtumba, narudi giza limeingia. Watoto wanapokelewa na dada wa kazi.

Shida yangu ni usiku. Ikifika saa tatu nimechoka hata kukaa siwezi, naingia kitandani na watoto. Saa tisa macho kodo. Nageuka huku na huku hadi saa kumi na moja, nawaza kodi ya nyumba, nawaza mkopo wa kausha damu niliochukua kulipia ada, nawaza hesabu za ofisini. Asubuhi taya zinauma na shingo imekaza.

Nilisikia redioni kwamba mtu mwenye stresi avute pumzi ndefu. Nikivuta kwa nguvu napata kizunguzungu na vidole vinakufa ganzi, nikaogopa nikaacha. Jirani ananishauri ninywe glasi moja ya mvinyo kabla ya kulala. Mwenzangu ofisini ananipa Piriton. Mchana najikaza kwa chai ya rangi, na saa kumi jioni nakunywa kile kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu ili nimalize kazi. Kila mtu ananiambia "pumzika", lakini nipumzike saa ngapi? Hela ya jimu sina, muda sina. Nisaidieni vitu ambavyo mtu wa kawaida anaviweza.

Mama Wawili, Nkuhungu, Dodoma

*

Marahaba, Mama Wawili. Pole kwa kazi, na pole zaidi kwa huo usiku.

Muda mpya hatutakutafutia, maana haupo. Tutatumia ule ule ulio nao: kiti cha daladala, kiti cha ofisi, robo saa kabla ya chakula cha jioni. Na tutaanza na mwili, mawazo yatafuata. Mtu akiingiwa na wasiwasi, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini na kortizoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, pumzi hupanda juu kifuani. Mwili haujui kutofautisha simba na siku ya marejesho. Hujiandaa kukimbia vile vile. Katika hali hiyo kujiambia "acha kuwaza" ni kazi bure. Mawazo hayatii amri. Pumzi inatii, misuli inatii, na saa ya kulala pia inatii ukiishikilia.

Tuanze na kizunguzungu, kwa sababu kimekutisha bila sababu. Mtu anapovuta pumzi kubwa kubwa kwa haraka, hutoa hewa ya kaboni dioksaidi kuliko inavyotakiwa. Hewa hiyo ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hubana kidogo, kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo vinaingia ganzi. Hukuwa unakufa wala huna ugonjwa mpya. Ulikuwa unapumua kupita mahitaji ya mtu aliyekaa. Wengi husikia "vuta pumzi ndefu" wakaweka nguvu zote kwenye kuvuta. Kinachotuliza ni kutoa. Unapotoa pumzi polepole, mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda moyoni na tumboni hupunguza kasi ya moyo. Kwa hiyo fanya hivi:

Kaa, mgongo umeegemea kiti, kiganja kimoja juu ya kitovu. Funga mdomo. Vuta hewa kwa pua, taratibu, ukihesabu kimoyomoyo moja hadi nne. Usijaze mapafu, vuta kiasi tu, na kiganja ndicho kinyanyuke, mabega yabaki chini. Kisha toa kwa kuhesabu moja hadi sita, midomo imeachana kidogo, kama unayepoza uji kwenye kijiko bila kuumwaga. Usibane pumzi katikati. Pumzi moja itachukua kama sekunde kumi, kwa hiyo dakika tano ni pumzi thelathini hivi. Ukiona nne kwa sita inakubana, anza na tatu kwa nne, uongeze baada ya siku chache. Kizunguzungu kikirudi, ujue unavuta hewa nyingi. Punguza kiasi cha kuvuta, usiongeze urefu.

Mahali pa kufanyia ni daladala ya pili, ile ya mjini kwenda Mtumba. Weka mkoba mapajani, mkono mmoja chini yake ukigusa tumbo, hakuna atakayejua. Ukikosa kiti, shika bomba na utoe pumzi kwa pua, inatosha. Rudia jioni unaporudi. La muhimu ni kufanya kila siku hata siku ulizo na amani, kwa sababu mwili ukishazoea njia hii ndipo utaifuata siku ya kikao kigumu. Wanaongoja hadi moyo unapiga kwa kishindo ndio wajaribu kwa mara ya kwanza huona haifanyi kazi, wakaikatia tamaa. Na kama unaimba kwaya au una nyiradi zako baada ya swala, endelea nazo kwa nguvu zote. Kuimba na kusoma kwa sauti ya chini hurefusha kutoa pumzi, faida yake ni ile ile na moyo unapata kitu cha kushika.

Hayo maumivu ya taya yanatuambia kwamba unakaza meno usingizini, na bila shaka hata mchana mbele ya kompyuta. Jichunguze sasa hivi unaposoma: meno ya juu na ya chini yanagusana? Hayapaswi. Mdomo ukiwa umetulia, midomo hufungwa, meno huachana kidogo, ulimi hulala kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele. Chagua kitu unachokifanya mara nyingi ofisini kiwe ukumbusho. Kwa mhasibu inaweza kuwa kila vocha unayoigusa, au kila mfumo unapochelewa kufunguka: achanisha meno, shusha mabega, toa pumzi moja ndefu. Ni sekunde kumi.

Kabla ya kulala ongeza zoezi la kukaza na kulegeza misuli. Lilianzishwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, miaka ya 1920, na mpaka leo wataalamu wa afya ya akili hulifundisha kwa sababu halihitaji chochote. Kaza kundi moja la misuli kwa sekunde tano, kisha liachie ghafla na usifanye kitu kwa sekunde ishirini, ukisikiliza tofauti. Anza na ngumi za mikono. Kisha mabega, yapandishe hadi karibu na masikio. Kisha uso, kunja paji na ufumbe macho. Taya usizikaze kwa kuuma meno. Fungua mdomo wazi kidogo uhisi mvuto, halafu achia. Tumbo. Mapaja. Mwisho nyayo, uzivute kuelekea kwako badala ya kuzinyoosha, kwa sababu ukizinyoosha kwa nguvu mashavu ya miguu hushikwa na mkakamao. Mzunguko mzima ni dakika tatu hivi. Tumia nusu ya nguvu zako. Na endelea kupumua. Karibu kila anayeanza hubana pumzi anapokaza, akamaliza amechoka kuliko alivyoanza.

Sasa usiku wenyewe, ambapo tunaona kosa kubwa liko kwenye hesabu, na wewe ni mtu wa hesabu. Unalala saa tatu, unaamka saa tisa. Hapo tayari umelala saa sita. Usingizi mzito huja sehemu ya kwanza ya usiku. Kuanzia saa nane au tisa unakuwa mwepesi, na kortizoli huanza kupanda kuelekea alfajiri. Kuzinduka wakati huo ni jambo la kawaida kwa kila binadamu. Asiye na wasiwasi hujigeuza akalala tena, asubuhi hakumbuki. Wewe unazinduka, unaanza kuhesabu saa zilizobaki, moyo unaamka nawe. Halafu unabaki kitandani saa mbili ukipambana, na kwa miezi hii kitanda kimejifunza kuwa mahali pa kuwaza.

Tunachokushauri kinaweza kukushangaza: chelewa kulala. Ingia kitandani saa nne usiku, amka saa kumi na moja kamili, kila siku, Jumapili ikiwemo. Saa saba za usingizi uliokamatana ni bora kuliko saa nane zenye shimo katikati. Saa ya kuamka ndiyo nguzo. Hata ukilala vibaya, usiisogeze. Wiki ya kwanza utasinzia mchana, na siku mbili tatu unaweza kuona mambo yamezidi kuharibika. Ndipo wengi wanapoacha. Vumilia, usingizi unakusanya deni lake na utaulipa usiku, si kwenye kochi saa kumi na mbili jioni.

Ukizinduka, usiangalie saa. Fanya pumzi za nne kwa sita ukiwa umelala. Ukikadiria kwamba kama dakika ishirini zimepita na hujalala, toka kitandani. Nenda sebuleni, washa taa hafifu, fanya kitu kisichosisimua: chambua maharage ya kesho, kunja nguo za watoto. Simu hapana, televisheni hapana. Macho yakianza kulegea, rudi. Ikibidi, toka tena. Sharti hili linashindikana Dodoma kwa sababu moja ndogo, baridi. Juni na Julai usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na hakuna anayependa kutoka ndani ya blanketi. Kwa hiyo jioni weka sweta, soksi na shuka zito kwenye kiti cha sebuleni vikusubiri. Na kwa kuwa watoto wako kitanda hicho hicho, andaa kabisa utakachofanya, ili usifungue makabati ukawaamsha.

Kinywaji cha saa kumi jioni kiache. Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina kafeini kama miligramu 80, na mwili huchukua takriban saa tano kuondoa nusu yake. Maana yake saa tatu usiku nusu ya kopo bado iko kwenye damu yako, na robo inakuamkia saa nane. Chai ya rangi iliyokolea nayo ina kafeini, ya kwako ya mwisho iwe kabla ya saa sita mchana. Usikate vyote siku moja, utaumwa kichwa siku mbili tatu ukadhani umeugua. Wiki ya kwanza ondoa kopo tu, wiki ya pili punguza chai. Ile saa kumi, simama, kunywa glasi ya maji au juisi ya ubuyu isiyojaa sukari, tembea hadi nje ya jengo na urudi.

Mvinyo wa jirani tunaujibu kwa heshima, maana zabibu ni fahari ya mkoa huu. Pombe hukusaidia kusinzia, kisha ini likishaichakata, saa chache baadaye, usingizi unakatika na mapigo yanapanda. Kwa mtu anayelala saa tatu, saa chache baadaye ndiyo hiyo saa tisa unayoilalamikia. Itakuongezea tatizo lile lile. Piriton nayo ni dawa ya mzio. Kusinziisha ni athari yake ya pembeni, mwili huizoea ndani ya siku chache, na asubuhi hukuacha na kinywa kikavu na kichwa kizito, halafu unatafuta chai zaidi. Iache, na usipokee dawa nyingine yoyote ya usingizi kutoka kwa mwenzako wa ofisini, hata kama yeye ilimsaidia.

Tuje kwenye mawazo yenyewe. Tafuta daftari dogo na robo saa, tuseme saa moja na nusu jioni, dada anapomalizia ugali. Kaa mezani, kamwe usikae kitandani. Andika kila kinachokusumbua, kila jambo mstari wake. Mbele ya kila mstari andika hatua moja na siku yake. Usiandike "kodi". Andika "Jumatatu saa tatu asubuhi, nimpigie mwenye nyumba nimuombe nilipe miezi mitatu badala ya sita." Usiandike "ofisini". Andika "Kesho nianze na vocha zenye viambatisho pungufu." Jambo lisilo na hatua yoyote mikononi mwako, liwekee alama pembeni uliache. Dakika kumi na tano zikiisha, funga. Wazo likija saa tisa usiku, lijibu kwamba limeshaandikwa na zamu yake ni kesho jioni. Mwanzoni litabisha. Likishaona kweli kila jioni linapewa nafasi, linapunguza kelele. Zoezi hili huharibika kwa njia mbili: kuliacha lirefuke hadi saa nzima, na kuandika neno moja la jumla lisiloonyesha pa kuanzia.

Kuhusu kausha damu tuseme wazi: hakuna pumzi itakayolipa mkopo. Huo ni mzigo halisi na unastahili ukurasa wake. Andika anayekudai, salio, rejesho la kila wiki na siku yake. Usikope kwa mwingine kumlipa huyu, hapo ndipo watu wanapozama. Ulizia SACCOS ya kazini kama wanaweza kukukopesha ulimalize deni hilo kwa riba nafuu, mradi makato yote yasile ile theluthi ya mshahara inayopaswa kubaki kwako. Angalia pia kama mkopeshaji ana leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo, na una haki ya nakala ya mkataba. Mumeo naye aione karatasi hiyo. Barua yako haisemi kama anaujua mkopo huu. Kama haujui, nusu ya uzito wa saa tisa inaweza kuwa hapo. Mwambie akiwa amekaa, hesabu ikiwa mkononi, usimwambie kwa ujumbe wa simu usiku.

Kutembea kunasaidia kuliko watu wanavyodhani, na si lazima iwe jimu. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Shuka kituo kimoja kabla ya chako asubuhi na jioni, kila upande dakika kumi, siku tano, ni dakika 100 tayari. Jumamosi wapeleke watoto Nyerere Square au Chinangali mtembee, zilizobaki zitakamilika. Mchana kati ya saa sita na saa tisa usijaribu. Jua na upepo wa vumbi wa Dodoma utakukatisha tamaa siku ya kwanza. Simu iwe sebuleni usiku, makundi ya WhatsApp ya ofisini yanyamazishwe kuanzia saa mbili, na nunua saa ya mezani yenye kengele, iweke imegeuzwa ukutani.

Usianze yote kwa pamoja. Wiki hizi mbili za mwisho wa mwaka wa fedha fanya pumzi kwenye daladala na saa za kulala, na uondoe lile kopo. Julai ikiingia, ongeza daftari na zoezi la misuli. Siku ikikupita, endelea kesho pale ulipoishia, usilipize mara mbili.

Wakati huo huo pita kituo cha afya wapime presha na damu. Upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio na kukosa utulivu, na hakuna zoezi linaloviponya. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, daktari aifuatilie. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya, yakiambatana na jasho au kukosa pumzi, ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukianza kuona bora usingekuwepo, au ukiwaza kujidhuru: mwambie mtu aliye karibu usiku ule ule na mwende pamoja.

Na kama baada ya wiki nne usingizi bado unakatika, au huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili na hufurahii chochote, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Mirembe. Tunajua jina la Mirembe linavyotumika kwenye utani nchi nzima, na utani huo umewaweka watu wengi nyumbani wakiteseka. Ni hospitali ya afya ya akili yenye wataalamu, na wapo wanaoingia asubuhi, wanaongea na daktari, wanarudi kazini mchana. Chukua kadi yako ya bima, na chukua karatasi ya wiki mbili yenye safu nne: saa uliyoingia kitandani, saa ulizozinduka, saa uliyoamka, na ulichokunywa baada ya mchana. Kwa karatasi hiyo daktari ataona kwa dakika mbili mambo ambayo kwa maneno yangemchukua nusu saa kuyauliza.